Laini ya Nne Imepona

Laini nzima hupimwa na mashine, mara moja kwa mwezi. Laini mgonjwa hupimwa kwa mdomo, kila asubuhi, mpaka ipone. Ndiyo kanuni ya vituo vya simu vya milimani, na kwa kanuni hiyo Trilok Pangtey, fundi wa kituo cha Berinag, alikuwa akiisikia sauti ya mwanamke wa Champawat tangu theluji ilipoanza kuyeyuka.

"Champawat, natuma mlio."

"Tuma, Berinag."

Wapimaji hawaitani kwa majina. Mtu ni mji wake. Trilok akabonyeza kitufe, mlio mwembamba ukavuka milima, na yule mwanamke akausoma kwenye mshale wa mita yake.

"Unafika, ila una mikwaruzo. Bado mgonjwa. Umekula?"

"Nini?"

"Nasema, umekula?"

"Mkate wa ulezi!"

"Mkavu?"

"Na chai!"

"Maskini! Mwanamume akijipikia, hata ng'ombe humwonea huruma."

Mikwaruzo iliwalazimu kusema kila neno mara mbili, na Trilok hakulalamika. Tangu mkewe Kunti afariki, hakuna mtu aliyemuuliza jambo mara mbili.

"Kaka Trilok," Dhanuli alimwita kutoka kwenye meza ya kuunganishia simu, "mgonjwa wako hapati nafuu tu? Ungekuwa daktari, tungekwisha wote."

"Ugonjwa uko upande wa Champawat."

"Na dawa nayo iko huko huko, naona."

Haukuwa upande wa Champawat. Zamani alikwisha kuutenga waya wa nje na kusikiliza. Mikwaruzo ikabaki, maana yake ugonjwa ulikuwa humu humu chumbani. Akagonga kadi za saketi kwenye makabati ya mitambo, moja moja, kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kama mtu anayechagua nazi. Alipoigusa ya laini ya nne, ile mgonjwa, kelele ikaruka sikioni. Chini yake lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ilihitaji tone moja tu la lehemu mpya. Trilok aliutazama ule ufa, kisha akairudisha kadi mahali pake kama alivyoikuta.

Ndipo akaja Bi Jasuli. Binti yake alikuwa amejifungua Champawat, na laini iliyokuwa wazi ilikuwa hiyo ya nne tu. Bibi akaingia kwenye kibanda cha kioo, na kelele zake zikajaa ofisi nzima.

"Mlete karibu! Nasema mlete kwenye simu! Mfinye kidogo alie!"

Kisha akasikiliza. Trilok alimwona ameikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Alisimama hivyo kwa muda, halafu akatoka.

"Mtoto kalia, bibi?" Dhanuli akamuuliza.

"Sijui, mwanangu. Nimesikia tu mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta." Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya shali. "Niunganishie tena."

"Laini ni ile ile, bibi. Utasikia haradali ile ile."

"Basi nitangoja. Magoti haya hayanifikishi Champawat, lakini kukaa yanaweza."

Akaketi kwenye benchi. Trilok akageukia makabati yake, akasimama bila kugusa kitu. Mwishowe akachomeka pasi ya lehemu ukutani, akashika simu.

"Champawat, naitoa laini ya nne kazini. Nimeuona ugonjwa."

"Nini?"

"Nimeuona! Uko kwangu!"

Kama alijibu, mikwaruzo ilikula jibu lake.

Kazi yenyewe ikaisha hata kabla moshi wa lehemu haujatoka dirishani. Akairudisha kadi.

"Natuma mlio."

"Umefika." Sauti yake ilikuwa nzito kuliko Trilok alivyodhani, inakwaruza kidogo, na nyuma yake mtu alikuwa akifagia. "Safi kabisa. Huna haja ya kupiga kelele, Berinag."

"Haya."

Trilok alimsikia akivuta pumzi. Alitamani aulizwe jambo, lolote. Alipoona haulizwi, akauliza yeye.

"Wewe umekula?"

"Nimekula."

Mwanamke alikuwa amesikia mara ya kwanza. Hakukuwa na la kurudia.

"Basi niandike imepona?" mwanamke akauliza.

Trilok akatazama benchi. Bi Jasuli alikwisha simama, anajifunga shali upya kana kwamba anakwenda kumwona mtoto ana kwa ana.

"Andika. Kuna bibi anangoja."

"Mpe."

Mwanamke hakuchomoa plagi papo hapo, wala Trilok hakuweka simu chini. Kisha ikasikika *tik*, basi.

Taa ya laini ya nne ikawaka. Kibandani, Bi Jasuli hakuwa akipiga kelele tena. Maneno yake hayakupenya kioo. Alionekana tu ameinamisha kichwa, anatikisa mwili mbele na nyuma, kama mtu aliyepakata mtoto. Trilok akaichomoa pasi ya lehemu, akakaa kando yake akingoja ipoe.