Namba Tatu za Nyuma

Baba yangu hajawahi kumwambia mtu idadi ya ng'ombe wake. Hakumwambia mama. Hakumwambia chifu alipokuja na karatasi za serikali wakati wa ukame, hata chifu alipokasirika. Mimi mtoto wake wa kwanza nilikua nikijua rangi za ng'ombe hao, tabia zao, na yupi alizaliwa na yupi, lakini walikuwa wangapi, sijui mpaka leo. Kwetu Waborana mtu hahesabu mifugo yake kwa sauti. Anayehesabu anaita jicho baya, na anayeuliza ana nia mbaya.

Mtu huyo huyo nilimkuta Jumamosi mchana amesimama mbele ya ploti tunayopanga hapa Bulla Pesa, Isiolo, simu sikioni, kadi ya benki mkononi, akisoma namba kwa sauti ya kuita ngamia.

"Nne, saba, saba," alikuwa anasema. "Eeh. Sasa ile ya nyuma tena? Ngoja nigeuze."

Asho, mwenye ploti, alikuwa kwenye kigoda chake akigeuza anjera, ile mikate laini ya Kisomali, kwenye kikaango. Wapagazi wawili walikuwa wanasubiri chai. Wote watatu walikuwa wanasikia kila namba, na ng'ambo ya barabara fundi viatu naye alikuwa amesimamisha nyundo.

"Aba," nikaita. "Unaongea na nani?"

Akaniinulia kiganja ninyamaze. Aliiweka kadi mbali na macho, akakunja uso, kisha akaisogeza karibu.

"Hapa nyuma iko namba tatu. Ya kwanza ni..."

Nikamnyang'anya simu. Sikuiomba. Niliichomoa sikioni mwake kama mtu anayechomoa mwiba, nikakata.

Barabara nzima iligeuka kututazama. Hata anjera ya Asho iliungua upande mmoja.

"Ikra," baba akasema taratibu. Akisema taratibu ndipo wenye akili huondoka. "Umekata simu ya ukoo."

"Ukoo gani unaomba namba za kadi?"

"Huyo ni Abdinajib. Wa Galgalo, wa Boru, wa Dida. Amenihesabia mababu mpaka wa saba. Ameniuliza amani ya watoto, amani ya mifugo, amani ya mvua. Amenisalimia vizuri kuliko wewe unavyonisalimia asubuhi."

Hapo ndipo nilipojua ameshikwa wapi.

Ukame ulipokwisha, baba alibaki na ng'ombe wachache waliokonda. Akawauza kabla hawajaanguka, pesa ikawekwa benki, akapewa kadi. Tangu siku hiyo kadi hiyo ndiyo ilikuwa zizi lake. Aliifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya kofia, na kila swala alihakikisha iko. Sasa mvua ilikuwa imenyesha misimu miwili. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka sokoni kwa mifugo, ambako rafiki yake Adano alikuwa ameleta mitamba kutoka Oldonyiro. Baba alichagua wake kwa macho, bila kuhesabu. Mmoja wa kijivu alishampa jina kabisa. Makubaliano yalikuwa alipe kabla ya alasiri, kwa sababu baada ya hapo lori la Adano lingeondoka na kila mnyama ambaye hajalipiwa.

Katikati ya furaha hiyo ndipo simu ikaja. Abdinajib, yuko ng'ambo, mtoto wa ukoo, anasema ndugu wa huko wamechanga kwa ajili ya busa gonofa. Hiyo ni desturi yetu: mtu akipoteza mifugo, ukoo humchangia aanze tena. Baba alikuwa ameisubiri tangu ukame, bila kumwambia mtu kwamba anaisubiri. Mchango wa ukoo haukataliwi, na anayeuleta haulizwi kitambulisho. Ukimuuliza umemtukana yeye na baba yake.

"Si mimi nimesoma tangazo redioni juzi?" nikamwambia. Nina diploma ya uandishi wa habari na nasoma taarifa kwenye redio ya mji. "Si ulinisikia? Nilisema mtu yeyote asitoe namba za kadi kwa simu."

"Nilikusikia. Ulisema wezi. Huyu si mwizi, huyu ni wetu."

Asho akacheka puani. "Jattani, hata wangu waliniibia. Tena walinisalimia kwa Kisomali safi."

"Wewe geuza anjera," baba akamwambia.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ujumbe wa benki: kadi imetumika kulipia kitu kwenye duka la ng'ambo ambalo jina lake siwezi kulitamka. Kiasi kilikuwa kidogo, bei ya soda. Mwizi wa kadi huonja kwanza. Soda ikipita, anarudi na sufuria.

"Umempa zile tatu za nyuma?" nikauliza.

"Nilimpa, alisema hajasikia vizuri. Nilikuwa narudia."

Sikungoja zaidi. Programu ya benki iko kwenye simu ya baba kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka, na namba ya siri ananipa mimi kwa kuwa miwani inamchosha. Nikaingia. Nikapata mahali palipoandikwa *Ripoti kadi*, nikagusa. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikagusa tena.

Jibu likaja mara moja: kadi imefungwa kabisa, na kwa usalama akaunti nayo imesimamishwa hadi mwenyewe afike tawini na kitambulisho. Ilikuwa Jumamosi, saa saba imepita. Tawi lilikuwa limefunga saa sita. Lingefunguliwa Jumatatu.

Nilisoma ule ujumbe mara mbili. Kisha nikamsomea baba.

Hakupiga kelele. Alitazama upande wa sokoni, kana kwamba angeona lori kutoka pale.

"Na Adano?" akauliza.

"Aba, wangezoa zote."

"Nimekuuliza Adano."

Nikatazama saa kwenye simu.

Simu ikaita. Namba ile ile. Baba akanyoosha mkono, na safari hii nilimpa, lakini niliweka spika kwanza. Wapagazi wakasogea. Mmoja alikuwa amesahau kabisa kwamba alikuja kunywa chai.

"Mzee wangu," sauti ikasema, tamu, yenye Kiborana cha watu wa mji. "Laini ilikatika. Amani?"

"Amani. Nisamehe, mtoto," baba akasema. "Binti yangu hana adabu. Shule imemharibu."

"Haina shida. Ako hapo? Dada, hasira ya nini? Huna bwana?"

"Nina benki kwenye simu nyingine," nikasema. "Inataka kukusalimia pia."

Akacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. Simu ikatetemeka huku anaongea: muamala umekataliwa. Ikatetemeka tena: muamala umekataliwa. Nikamwelekezea baba kioo kwa kidole. Alikisoma, midomo ikisogea, akatazama pembeni kama mtu aliyeonyeshwa picha isiyomhusu.

"Mzee, kuna namba imeingia kwa simu yako saa hii," sauti ikaendelea. "Nisomee hiyo tu, tumalize. Watu hapa wamesubiri, wengine wanataka kupeleka mchango wao kwa mwingine."

"Usisome," nikasema.

"Ikra, nyamaza."

"Aba, usisome."

Baba akavaa miwani. Namba ilikuwa pale, juu ya kioo, ile ya kuingilia programu ya benki, tarakimu zimekaa zinangoja. Nilifikiria kuipiga ile simu chini, na naapa ningeipiga. Asho alikuwa ameinuka kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema, ikidhani mzee bado anatafuta miwani. "Na hii fomu ya ukoo iko na sehemu moja nimesahau. Nijaze haraka. Una ng'ombe wangapi saa hii?"

Baba aliacha kusogeza midomo.

Fundi viatu ng'ambo ya barabara ni Mturkana, anaitwa Lochoro. Hata yeye alitema mate pembeni. Wafugaji wote wa huku wanajua swali hilo haliulizwi.

"Umesema nini?" baba akauliza.

"Ng'ombe, mzee. Idadi tu. Ishirini? Kumi?"

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Si nimekuambia. Galgalo, Boru, Dida, Jaldesa..." Aliwataja wote saba, mbio mbio, bila kupumzika kati ya mtu na mtu.

"Hao nimewasikia," baba akasema. "Niliwataja mwenyewe hao wote kwa sauti yangu, kwenye kundi la simu la ukoo, siku ile ya kuomba msaada wa kisima. Unanirudishia sauti yangu. Nimekuuliza, wewe ulilelewa na nani, mpaka ukakosa kufundishwa kitu hicho kimoja?"

Sauti ile ikabadilika. Kiborana kikakatika katikati, likaja tusi la Kiswahili cha mtaani, la mama. Baba alilisikiliza mpaka mwisho, akakata mwenyewe kwa kidole gumba, polepole, akanirudishia simu.

"Haya," Asho akasema, akaketi. "Anayetaka chai alipe kwanza, nimepoteza anjera mbili kwa hii maneno."

Nilidhani yameisha. Baba akavua kofia, akaivaa tena, akaanza kutembea kwenda sokoni, nami nikamfuata nyuma. Simu mfukoni mwangu iliendelea kutetemeka. Muamala umekataliwa. Muamala umekataliwa. Mahali fulani mtu mmoja alikuwa bado anagonga mlango uliofungwa, na kila mtetemo ulinipa raha na kichefuchefu kwa pamoja.

Adano alikuwa ameegemea lori, anatafuna kijiti. Baba alimweleza kwa maneno machache. Hakusema ameibiwa. Alisema benki imefunga mpaka Jumatatu.

"Jattani, wewe ni ndugu yangu," Adano akasema, "lakini ng'ombe hawali undugu. Dereva anataka kuondoka. Na huyu hapa amekuja na pesa mkononi." Akaonyesha kwa kidevu mfanyabiashara wa Meru, bwana Mutwiri, aliyekuwa tayari anawapapasa mitamba migongo.

"Niwekee mmoja. Yule wa kijivu."

"Nimwache kwa nani? Nitalala naye hotelini?"

Watu wakacheka. Baba akacheka nao, kwa heshima ya soko. Mtamba wa kijivu alipandishwa wa tatu au wa nne. Aligoma kwenye ubao, akapigwa fimbo ya mguu, akapanda. Baba aliita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini, na sitaliandika hapa.

Alasiri yote hakukaa. Aliingia ndani, akatoka, akaenda msikitini, akarudi, akauliza kama kuna chai, ikaletwa, hakuinywa. Mama alikuwa Kinna kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, tukikwepana katika vyumba viwili. Nilipiga simu benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, si kwa namba nyingine yoyote, nikaambiwa ile ya soda huenda ikarudishwa, nyingine zote hazikupita. Akiba ilikuwa salama. Nilimwambia baba hivyo kupitia pazia. Akajibu, "Sawa." Sikuwahi kusikia neno fupi hivyo.

Baada ya magharibi mlango ukabishwa.

"Salaam aleikum, watu wa hapa."

Alikuwa Mzee Huqa, mwenyekiti wa ukoo wetu hapa Isiolo. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya lori kuvuka Chechelesi, pembezoni mwa mji. Tuliulizana amani ya kila kitu chenye pumzi, kisha akaketi na kusema mambo mawili. La kwanza, ukoo haujamtuma mtu yeyote, na mchango wa ukoo hupitishwa kwenye baraza, watu wakitazamana usoni, hauhitaji kadi. Atalisema msikitini ili wengine wasinaswe. La pili lilinihusu.

"Ikra, ulifanya vizuri kufunga. Hakuna anayebisha. Lakini ulimpokonya baba yako kitu mkononi, mbele ya watu, mbele ya mwanamke anayemdai kodi. Ulimkatiza akiwa katikati ya salamu za ukoo. Na mitamba wamekwenda. Mwombe msamaha, jambo liishe."

Nikamtazama baba. Alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na taa, kisu kidogo cha kuwekea mifugo alama mkononi, na ile kadi iliyokwisha kufa kwenye goti. Alikuwa anazikwangua zile namba tatu za nyuma. Kadi haikuwa na kazi tena, lakini alizikwangua moja baada ya nyingine, na vumbi jeupe lilimwangukia kwenye kikoi.

"Ungeniambia polepole," akasema bila kuinua macho. "Ungesema, Aba, njoo ndani kidogo. Ningekuja."

"Usingekuja."

"Ningekuja."

"Aba, ulikuwa unarudia zile namba tatu. Nikikuita ndani, ungezimaliza kwanza ndipo uje, kwa sababu wewe ni mtu wa adabu, humwachi mtu wa ukoo kwenye simu. Alijua hivyo. Alikuwa anakula adabu yako."

Mzee Huqa akakohoa. "Binti, neno moja tu. Halikuvunji meno."

Nililifikiria lile neno. Nililiona lilivyo, dogo, rahisi, lingeleta usingizi nyumbani. Nikafikiria pia yule wa kijivu kwenye lori, miguu ikitetemeka juu ya mbao kuelekea Meru, na ni kweli mkono wangu ndio uliompandisha pale. Hilo linaniuma na litaniuma. Lakini zizi lilikuwa linavunjwa, baba ndiye aliyekuwa ameshika lango wazi, na mimi nilikuwa na mikono miwili tu.

Baba akapuliza vumbi kwenye kadi. Akanisubiri.

"Jumatatu tutakwenda benki pamoja, nitakubebea kitambulisho," nikasema. "Mitamba mingine nitakusaidia kutafuta, hata kama ni Oldonyiro kwenyewe. Lakini msamaha, Mzee Huqa, siombi. Aba, siombi. Kesho ukisoma tena namba hizo barabarani, nitakunyang'anya tena."