Gari la Nyuma

Adhuhuri, Mwajabu anasinzia na ungo wa maharage mapajani, mwanawe Hidaya yuko mezani na kompyuta. Chuoni binti anasomea barabara; ametengeneza barabara ya njia nne ndani ya kompyuta, vigari vinahama njia vyenyewe, na ili mama aelewe amempangia maharage mistari minne juu ya ungo. Hili jekundu ni mimi, mama, kesho, naendesha peke yangu mara ya kwanza. Likiona nafasi pembeni linahamia. Na wa nyuma yake je, anauliza mama. Atafunga breki, ndivyo nilivyomwandikia kwenye programu. Na asipowahi? Hidaya anacheka, wewe nawe, utaota magari.

Na kope zinashuka, mistari inarefuka, ungo unapanuka mpaka hauna ukingo, na Mwajabu yumo barabarani, ameshika usukani ambao hajaushika maishani. Kila mji anaoupita unajirudia kwenye kioo, duka lile lile, mtu mwembamba yule yule anayeuza mikeka. Kando yake amekaa abiria asiye na uso, laini kama yai. Naenda wapi, baba? Huendi, unafuata. Namfuata nani? Umpendaye, asiyekuona. Hapo gari jekundu linamkatia mbele, anafunga breki. Linahama tena, anafunga tena, na breki sasa inabonyea kama uji. Hidaya, geuza shingo, mwanangu. Hasikii, anasema abiria, kafundishwa kwamba utawahi daima. Kafundishwa na nani? Na aliyemfunga kamba za viatu, aliyembebea mkoba, aliyesema nenda tu, mama yupo nyuma. Mwajabu anakanyaga kwa miguu miwili, analia, sitawahi, mwanangu, leo sitawahi, na gari jekundu linawasha taa ya pembeni, linasubiri, shingo ya Hidaya inageuka.

Mama, unanikanyaga.

Hidaya yuko chini miguuni pake, anaokota maharage. Ulikuwa unaongea usingizini, anasema, nimeviandikia upya vigari, vitazame nyuma kwanza. Na wewe kesho? Na mimi kesho, mama. Kwenye kompyuta kigari chekundu kinasubiri, taa inapepesa. Mwajabu anafumbua kiganja, harage jekundu limo, lina moto kama boneti. Hidaya anarudi mezani, anageuza shingo kumtazama, vilevile, kama kule ndotoni. Mwajabu hajui yuko upande gani. Mguu wake bado umekanyaga sakafu kama breki, na hauinui.