Baada ya Kura

Kaka yangu Kipriani aliposimama kugombea ubunge hakuwa na baiskeli hata ya kuazima. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, mwenye shati moja la kazi na moja la kanisani, na viatu vilivyokwenda kwa fundi mara nyingi hadi fundi akawa anajificha akimwona. Watu walicheka. Mimi, dada yake, nilicheka kuliko wote, halafu nikaenda kumwombea.

Alithubutu kwa sababu ya sheria. Mwaka ule wa sabini na tano, mgombea hakuruhusiwa kutoa hata senti yake kwa kampeni. Chama ndicho kilichobeba kila kitu. Wagombea walikuwa wawili, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba. Walipanda Landrova moja, wakala chakula kimoja, wakasimama jukwaa moja, na kila mmoja alipewa muda sawa na mwenzake. Hakuna kupita nyumba kwa nyumba usiku wala mchana. Hakuna kuhutubia kwa Kiha, lugha yetu, ni Kiswahili tu. Na juu ya yote, hakuna kumpa mpiga kura chakula wala kinywaji. Ukimpa, hata ukishinda, mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani na ubunge ukafutwa.

Nisieleweke vibaya: ilikuwa sheria nzuri. Kama si hiyo, wenye maduka na malori wangetununua sote kwa mtungi mmoja, na tungewapigia makofi. Naijua sheria ile na naiheshimu. Ila siipendi, na sitaipenda mpaka nife.

Mama yetu, Esteri, alikuwa anaumwa tangu kiangazi kilipoanza. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, uso ukabaki mdogo. Tulimpeleka hospitali, mganga akamshikashika, akaniita pembeni na kusema nimrudishe nyumbani nimpe anachokitaka. Nilikasirika na mganga yule kana kwamba ndiye aliyemloga. Nikamrudisha.

Anachokitaka kilikuwa kimoja. Alitaka pombe ya ndizi, na siyo ndizi zozote. Alitaka za shambani kwake kule kilimani, ambako tulihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji kuja kupangwa kwa mstari Rungwe Mpya. Huku kijijini migomba ilikuwa bado mitoto. Kule juu nyumba zilikwisha kuanguka, lakini migomba ya mama ilikuwa bado inazaa, bila mtu, katikati ya majani.

"Winifrida," aliniambia, "nikifa watu watakuja kuninywea nimeshafukiwa. Mimi nitapata nini hapo? Nataka waje sasa. Nikae nao, ninywe nao, niwaage. Halafu nife."

Wenzetu wa kwingine watashangaa, lakini kwetu kinywaji ndicho mdomo wa mtu. Unaposa kwa mtungi, unaomba msamaha kwa mtungi, na aliyefiwa hamalizi msiba, haganduki kama tusemavyo, mpaka watu wamekaa kuzunguka mtungi na mrithi amevuta wa kwanza kwa mrija wa marehemu. Mama alikuwa na mrija wake, mwembamba, umekuwa mweusi kwa miaka, na ulikaa umechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango. Hakuna mwingine aliyeugusa.

Kipriani alikuwa safarini na kampeni, kwa hiyo sikumuuliza. Niliwachukua binamu zangu, tukapanda kilimani, tukakata mikungu, tukaivundika shimoni kwenye majani. Zilipoiva tukazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, tukatia unga wa mtama uliokaangwa, tukafunika. Mama alikaa mlangoni kwenye mkeka akituamuru. Alinisema nimetia mtama mwingi. Alisema nakamua kama mtu anayefua. Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu tuhame.

Mkutano wa kampeni wa kijiji chetu ulikuwa ufanyike wiki moja kabla. Lakini Landrova iliharibikia njia ya Kibondo, mikutano yote ikasogezwa, na wetu ukaangukia siku ileile ambayo pombe iliiva. Pombe haisogezwi. Asubuhi hiyo niliita wazee, rika la mama, wale waliolima naye kule juu. Walikuja na mirija yao mkononi. Tulitoa mitungi uani, mama akaniagiza nishushe mrija wake, nikampa. Alikuwa ameushika, bado hajainama, ndipo tuliposikia gari.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara, sasa lingepita wapi? Lilisimama. Kipriani alishuka kwanza, akaja mbio kumsalimu mama, akaona mitungi, akaganda. Nyuma yake alishuka Stanislaus, mgombea wa nyumba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye chama cha ushirika. Wa mwisho alishuka Bwana Khatibu, mzee wa Kasulu mjini aliyetumwa na Chama kusimamia mikutano, mtu wa swala tano, ambaye hata harufu ya pombe ilimfanya ashike kofia yake.

"Mwalimu," Bwana Khatibu alisema taratibu, "hii ni nini?"

"Ni ya mama," nilidakia. "Mama anaumwa, anaaga watu. Haina habari na kura."

"Naamini, binti yangu. Lakini hawa wote ni wapiga kura, na hapa ni nyumbani kwa mgombea, na leo ni siku ya mkutano. Mimi nikiulizwa nimeona nini, nitasema nilichokiona."

Stanislaus alimwangalia mama pale chini, na miguu yake ile. "Mwacheni mama wa watu anywe," alisema. "Mimi sitamlalamikia mtu."

"Wewe hutalalamika," Kipriani alimjibu. "Atalalamika mwingine. Na hata asilalamike, nitasimama vipi mbele ya watu niwaambie mimi ni maskini mwenzao, sinunui kura, na kwangu kunanuka pombe?"

Mwalimu ni mwalimu. Sauti ilikuwa ile ya ubaoni. Nilimshika mkono nikamwambia kwa Kiha asithubutu. Aliutoa mkono wangu polepole, akauinamisha mtungi wa kwanza.

Ardhi yetu kiangazi ni kavu, inakunywa haraka. Wazee walisimama, kila mmoja akatia mrija wake kwapani. Ingekuwa heri wangemtukana. Alimwaga wa pili, akamwaga wa tatu, akaenda kwenye mtumbwi akaupindua. Mama alikuwa anamtazama tu, mrija mkononi.

"Mwana wanje," alisema mwishoni, yaani mwanangu, "nimekosa nini?"

Kipriani alipiga magoti mbele yake, akamweleza sheria yote kwa Kiha, kila kifungu, jinsi ambavyo kinywaji kwenye nyumba hii kingeweza kumwangusha mahakamani. Akamwahidi. "Ni siku chache tu, mama. Baada ya kura nitapanda kilimani mwenyewe. Nitakutengenezea mitungi ya kujaza uwanja."

"Baada ya kura," mama alisema. Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, kama alivyoyasikia, kwa uangalifu, kama mtu anayejifunza njia ya ugenini.

Wakaenda kwenye mkutano. Sikwenda. Lakini upepo ulileta sauti ya kaka yangu mpaka uani, akihutubia kwa kile Kiswahili chake safi, na mama akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anasema kila mtu ni sawa. Mama akatikisa kichwa, akasema ana sauti nzuri.

Sasa sikilizeni. Katika mtungi wa tatu ilibaki kidogo, chini kabisa, penye machicha. Kipriani hakuiona. Watu walipokwisha kuondoka niliikamua, nikaichuja, nikapata kibuyu kidogo, nikampelekea mama ndani, nikafunga mlango. Nilifurahi kama mwizi. Nikamwambia, "Kunywa, mama. Nani atakuona?"

Akanitazama kwa macho ambayo alikuwa akinitazama nayo nilipokuwa mdogo nikidokoa.

"Unataka kumwangusha kaka yako?"

"Mama, sheria ni ya kuwapa watu. Wewe unakunywa yako."

"Amesema kwenye nyumba hii isinywewe mpaka kura. Hii ni nyumba hii, au ni nyingine?" Akageuza uso ukutani. "Mwaga."

Nilimbembeleza. Nilimgombeza. Nililia. Alikataa katakata. Alikuwa hajui kusoma, na sheria hakuielewa, lakini aliishika kuliko walioitunga. Alijua jambo moja: akimeza funda moja, mwanawe ataanguka. Basi akafunga. Kila asubuhi nilipomgeuza aliniuliza, "Kura ni lini?" Nami nikamwambia ni karibu. Midomo ilimpasuka. Nilimpa maji, uji, maziwa, akavipokea kwa adabu kama mgeni. Kibuyu nilikificha nyuma ya mtungi wa maji, nikingoja abadili nia, mpaka kilichokuwamo kikawa siki.

Alikufa Ijumaa, na kura ilikuwa Jumapili.

Tulimzika Jumamosi, koo kavu. Kipriani hakuthubutu kuwapa watu waliochimba kaburi hata togwa, maana Bwana Khatibu mwenyewe hakuwa na uhakika sheria inasemaje kuhusu mazishi, na kaka yangu hakutaka kubahatisha. Waliochimba walinawa mikono, wakachukua majembe yao, wakaenda. Jumapili wakapanga foleni shuleni kupiga kura.

Mnataka kujua kama alishinda. Hakushinda. Kule mbali walikomjua kwa hotuba tu alipata kura nyingi. Kwetu alianguka vibaya. Hakuna aliyesema alikuwa mgombea mbaya. Walisema tu kwamba mtu anayeweza kumwaga pombe ya mama yake mbele ya mama yake, sisi wengine atatufanyaje? Niliwasikia kisimani, na nilitaka kuwapiga kwa ndoo, na wakati huohuo nilitaka kusema ndiyo. Nilimchukia kaka yangu na nilimwonea huruma kwa moyo huohuo mmoja, na moyo wangu haukuweza kubeba vyote viwili.

Matokeo yalipotangazwa, Stanislaus hakufanya sherehe kwao. Siku ya pili yake tulimwona anakuja kijijini kwa miguu, bila Landrova, amejitwika mtungi mwenyewe kichwani, mbunge mzima, na nyuma yake ndugu zake na mitungi mingine. Akaitua uani, palepale.

"Sasa si mgombea mimi, wala si mgombea wewe," alimwambia Kipriani. "Sheria imekwisha. Nimekuja kumlilia mama."

Wazee wakaitwa, nao wakaja. Wakakaa kuzunguka mtungi, mirija mkononi, wakimngoja mrithi, maana kabla mrithi hajavuta hakuna anayevuta. Nilishusha mrija wa mama kutoka juu ya mlango nikampa kaka yangu. Akauchomeka kwenye mtungi. Akainama. Halafu akainua kichwa akaniangalia, uso umekwisha kabisa, wala si uso wa ubaoni tena.

"Winifrida," alisema, "siku ile ilibaki pombe yoyote?"

"Ilibaki kidogo."

"Ulimpa?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ndiyo, alikunywa, akafurahi, akakubariki, naye angeinama akavuta na tungemaliza msiba kama watu. Wazee wote waliniangalia, na Stanislaus aliniangalia. Lakini mama alikuwa amelala na midomo iliyopasuka kwa ajili ya mtu huyu, na ilikuwa haki ya mama kwamba mtu huyu ajue.

"Nilimpa, akakataa," nilisema. "Alisema atakunywa baada ya kura. Alisema nisikuangushe."

Kipriani hakulia. Alibaki ameshika mrija, ameinama juu ya mtungi, midomo karibu na mrija, wala hakuvuta. Tulingoja. Jua lilitoka kichwani likashuka mabegani. Mzee mmoja alimwita jina la utotoni, la Kiha, taratibu, akamwambia vuta, mwanangu, mama amekusamehe. Hakuvuta.

Basi nikaenda nikauchukua mrija mkononi mwake. Mwanamke havuti wa kwanza, najua, na wazee walijua, na hakuna aliyenizuia. Nikapiga magoti palipokuwa pameloa siku ile, nikavuta mrija wa mama.

Ilikuwa pombe nzuri. Haikuwa na mtama mwingi.