Karatasi Isiyo na Pini

Mtu asinisingizie kwamba nilikwenda kwenye jumba la nyaraka kusoma historia ya ukoo wetu. Historia hiyo nimelishwa mezani tangu nikiwa mdogo: mashine za mbao, malori, kiwanda cha mafuta, na jina letu juu ya kila geti. Nilifuata barua moja tu, niliyomwandikia baba kutoka shule ya bweni mwaka ule mama alipofariki. Ilikuwa fupi. Baba, njoo unichukue. Hakuja, wala hakujibu, na mimi nimezeeka na swali lilelile kifuani: aliisoma au hakuisoma?

Kaka yangu, ambaye ndiye aliyelipa jumba hilo makaratasi yote ya familia baada ya msiba wa baba, anasema hakuisoma.

"Baba alikuwa na shughuli mpaka puani. Barua za watoto alikuwa akizifungua karani. Achana nayo, bibie, utajitia presha bure."

Kaka anapenda kunizima kama taa.

Mjini baba aliitwa Bwana Pini, na hawakumwonea. Kila barua iliyoingia ofisini aliibana kwa pini pamoja na nakala ya jibu lake, ndipo iende kwenye faili. Ambayo hajaishughulikia haibanwi ng'o. Inakaa mfukoni mwake mpaka aimalize. "Isiyo na pini bado inanidai," ndivyo alivyokuwa akisema. Watu walimcheka, eti hata mkewe alimbana kwa pini asije akamtoroka.

Kwa hiyo nilijua la kutafuta. Nikiikuta barua yangu imebanwa na karatasi nyingine, nitajua alifanya nini baada ya kuisoma. Labda alimwandikia mwalimu mkuu. Labda alituma gari likafia njiani. Chochote jamani, hata kiwe kidogo namna gani.

Mtunza nyaraka, binti mpole mwenye miwani, aliniletea boksi la familia. Mikoba inabaki nje, kalamu ya wino marufuku, boksi moja kwa zamu. Nikafunua faili la kwanza, la pili, la tatu. Pini hakuna. Hata ya dawa!

"Pini ziko wapi?"

"Tulizitoa, mama. Zinashika kutu, zinakula karatasi. Halafu za biashara tukazitenga na za familia, ili wasomaji wasipate taabu."

"Wasipate taabu! Mmemchambua baba yangu kama mchele, yeye huku na kazi yake kule? Huyo mtu alikuwa kitu kimoja!"

Nilipandisha sauti mpaka mzee wa meza ya jirani akakohoa. Binti hakunijibu kwa ukali. Alichukua barua moja akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Matundu hayajaenda popote, mama. Na kutu nayo ipo."

Kweli bwana. Matundu mawili kwenye pembe, na doa la kahawia. Binti akatazama mlangoni, akavunja sheria yao, akaniletea na boksi la biashara nikaliweka kando ya lile la familia. Hasira ikanishuka. Tukaanza kurudisha kila karatasi kwa mwenzake, tundu kwa tundu, doa kwa doa. Barua yangu ya kuomba viatu ikakaa sawasawa na risiti ya viatu vyenyewe. Navikumbuka, vilinifinya vidole mwaka mzima. Ripoti yangu ya shule ikapata nakala ya shukrani kwa mwalimu wa hesabu, kwa mwandiko wa baba mwenyewe. Karani gani sasa! Baba alikuwa akizisoma kwa macho yake, na kaka yangu ni mwongo wa kutupwa.

Lakini ile ya njoo unichukue haikuwemo. Tulipekua maboksi yote mawili mpaka chini.

"Basi aliitupa," nikasema, nikafunika boksi kwa kishindo, mtu mzima mimi.

Binti akasitasita.

"Kuna bahasha ambayo haikutoka kwenye mafaili. Kaka yako aliileta mwisho, pamoja na nguo za baba yenu."

Akaenda, akarudi nayo. Ndani mlikuwa na karatasi moja, mwandiko wangu wa kitoto, herufi zimepanda mlima. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imelika mpaka ikakatika, watu wa jumba la nyaraka wakaiunga kwa karatasi laini. Nikaikagua pembe zote. Haikuwa na tundu hata moja.

"Ilikuwa wapi hii?"

"Mfuko wa ndani wa koti la kijivu, lenye vifungo vya mbao. Kaka yako alisema ndilo baba yenu alilokuwa amevaa siku aliyofariki."

Koti hilo nalijua. Nilimnunulia mimi, nikiwa mwanamke mwenye kazi yangu, kwa mshahara wangu wa kwanza. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mama," akalivua la zamani palepale akavaa jipya, tukanywa chai tukiongea habari za mvua. Maana yake tulipoachana siku ile, aliingiza mkono kwenye koti la zamani, akaitoa barua yangu, akaihamishia kwenye hili. Na kabla ya hapo sijui aliihamisha kwenye makoti mangapi.

"Mama, nikuletee maji?" binti akauliza.

Nilitikisa kichwa. Nilimkumbuka baba mpaka mbavu zikaniuma, yule baba wa mezani, anakoroga chai iliyokwisha kuyeyuka sukari, ananitazama, nikigeuka anatazama dirishani. Nikakilaza kiganja juu ya ile karatasi, ingawa hairuhusiwi, na binti akajifanya hakuona.

Ungesema tu, baba. Ningekuja mimi.