Nimeshapima Macho

Mtu akiniambia "nimeshapima macho" siku hizi, damu inanichemka. Namuuliza: umepimwa wapi, na umepimwa nini? Akianza kunionyesha miwani yake, tunakosana hapohapo, awe shemeji, awe jirani, awe nani. Neno hilo limenivunjia nyumba.

Mume wangu ni mwandishi wa mabango. Mtaa mzima unamwita Herufi. Duka la dawa, saluni, gereji, hata lile onyo la "Usikojoe hapa" ukutani kwa fundi viatu, yote ni mkono wake. Na maringo sasa! Tukitembea, anasimama katikati ya njia kukosoa kibao cha mwenzake. "Mama watoto, hebu ione hiyo R. Mguu umeteguka, na bado wanailazimisha isimame."

Alipopatikana na sukari, muuguzi wa kliniki alimwambia, "Baba, kila mwaka uwe unapima macho." Akaitikia vizuri kabisa. Kesho yake akaenda kwa muuza miwani, akakalishwa kwenye kiti, akaonyeshwa ubao wa herufi. Herufi jamani, mtu ambaye herufi ndizo zinazomlisha! Alisoma mpaka mstari wa chini, kisha akamwambia mwenye duka kwamba E yao imekaa upande. Alirudi na miwani puani, kicheko mpaka sikioni. "Macho bado ya kijana haya."

Ikawa hivyo kila mwaka. Kliniki wakimuuliza, "Umepima macho?" anajibu, "Nimeshapima." Wanaridhika, wanamwita anayefuata. Hakumdanganya mtu. Neno lilikuwa moja, kila mmoja na maana yake. Kliniki walitaka aangaliwe nyuma ya jicho, kule ambako sukari inaharibu vimishipa vya damu kimyakimya, haikuumi, haikuwashi, wala jicho haliwi jekundu. Muuza miwani yeye anataka kujua unasoma au husomi. Na Herufi hata umfunikie nusu ya neno, atalisoma. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba safari ya mwisho mistari ya chini ilikuwa ukungu mtupu, akaikisia kwa maumbo. Akapatia yote! Sijui nicheke au nijipige kofi.

Siku yenyewe alikuwa juu ya ngazi, anaandika jina la shule kwenye ukuta uliotoka kupakwa chokaa. Mimi nilikuwa chini nimemshikia kopo.

"Mama watoto, nani kamwaga rangi nyeusi hapa?"

"Rangi gani? Ukuta mweupe pe."

"Si hii hapa inateremka!"

Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. Akapapasa ukuta, akaangalia kiganja chake. Kilikuwa safi. Akashuka ngazi polepole, akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Kisha akaniomba nimshike mkono.

Hospitali, daktari wa macho alimtia dawa ya matone, akasubiri mboni zipanuke, ndipo akammulika. Alichukua muda mrefu.

"Mzee, umewahi kufanyiwa hivi?"

"Kufanyiwa nini?"

"Kutiwa matone haya, ukaangaliwa nyuma ya jicho."

"Daktari, mimi napima macho kila mwaka. Muulize mke wangu."

Mimi nikasema ndiyo, kila mwaka. Daktari akavua miwani yake, akatueleza. Damu imevuja ndani ya macho yote mawili. Angeonekana mapema, wangezuia kwa mionzi ya leza au sindano. Sasa la kushoto limekwisha, la kulia watajaribu. Walijaribu kweli, siwasingizii, likabaki na mwanga kidogo, wa kujua kama taa imewashwa. Mume wangu alisema "asante, daktari" kwa adabu zake zote. Mimi nilipiga yowe, tena mbele za watu. Hao wanaokuja kunipa pole kwa kusema "shukuru, uhai upo," nawajibu wakae na shukrani zao. Nalia hata leo, nikiwa nasafisha brashi ambazo hazina wa kuzishika.

Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki ya sukari kuchukua dawa. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Yeye ndiye aliyemwomba muuguzi ruhusa ya kusema.

Akasimama, ameshikilia bega langu. "Ndugu zangu, nani hapa amepima macho mwaka huu? Nyoosheni mikono."

Mikono ikapanda, mingi.

"Sasa, kama hukutiwa matone yale yanayokufanya ushindwe kusoma hata jina lako mpaka jioni, ukaangaliwa nyuma ya jicho, shusha mkono."

Mikono ikaanza kushuka. Akanigeukia. "Mama watoto, wameshusha wangapi?"

Mkono uliobaki juu ulikuwa wa bibi mmoja tu, na naye alikuwa anauangalia kama si wake. "Karibu wote," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Basi leo msiende nyumbani. Chumba cha macho ni kile pale. Miwani siyo kupima. Nendeni."

Alikuwa amenyoosha kidole dirishani. Hakuna aliyecheka. Nikaushika mkono wake, nikaugeuza mpaka ukaelekea mlangoni, na watu wakaanza kuinuka.