Kitambaa cha Wafu

Dada mmoja, fundi cherehani, aliuawa katika mchezo wa kuigiza vita saa nne asubuhi, kwa upanga wa sponji, akafungwa kitambaa cheupe kichwani. Ndiyo sheria ya mchezo: mwenye kitambaa ni mfu, na aliye hai hamwoni wala hamsikii.

Saa tano mdogo wake, aliyevaa joho la mfalme, akabanwa na pumu katikati ya ukumbi wa tamasha. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa mkobani, mikoba yote ilifungiwa stoo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa msimamizi wa mchezo.

"Fungueni stoo! Mdogo wangu anakufa kweli!"

Askari wa mchezo wakampita kama hayupo. Wengine wakampigia mfalme makofi: jamani, huyu anajua kuigiza! Fundi akamtikisa msimamizi bega. Yule akatazama dari huku akitabasamu, maana sheria alizitunga mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa masikio yaliyoziba yalikuwa ya walio hai, watu wazima na ndevu zao!

Akarudi mbio, akapiga magoti. Midomo ya mdogo wake ilishabadilika rangi, na pumzi ya kusema hakuwa nayo. Aliinua mkono, akaufikisha kichwani kwa dada yake, akakivuta kile kitambaa.

Ukumbi mzima ukageuka. Msimamizi akaja mbio, macho yamemtoka.

"Dada! Mbona hukusema?"

Fundi alishamkatia kamba ya ufunguo shingoni kwa mkasi wake, anakimbilia stoo.