Majina Matatu ya Saa Sita na Robo

Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua hapa ofisini Geita wanajua. Lakini Jumatano ile nilikasirika kuliko siku zote, na wa kwanza kunikasirisha nilikuwa mimi mwenyewe.

Limi alifika saa mbili asubuhi kutoka Runzewe, mtoto mgongoni. Mgodi wetu wa huko ulikuwa umeporomoka Jumatatu saa saba mchana, na mumewe, Maduhu, alikuwa mchimbaji wetu. Orodha ya kompyuta ilionyesha watu kumi na mmoja chini. Hadi Jumanne jioni wote walikuwa wametolewa, wazima na maiti, na Maduhu hakuwemo. Kadi yake ilisomwa getini akitoka kwenda kula, saa sita kasoro robo, basi. Uokoaji ulikuwa ufungwe Jumatano hiyo saa sita mchana.

Meneja wetu, Theonest, alikuwa kikaoni. Limi akakaa kwenye benchi akisubiri. Meneja alitoka saa nne, akamjibu akiwa amesimama.

"Pole, mama. Mumeo hayumo mle. Hawa wachimbaji si unawajua? Wakisikia rashi mpya, dhahabu imeonekana Buseresere, wanaondoka bila kuaga."

"Viatu vyake viko kambini," Limi akasema. "Ameondoka na mabuti ya shimoni? Naomba mtazame tena."

Nikaenda kutazama, maana fundi wa seva ni mimi. Kila mgodi wa mbali una mashine moja kubwa, na ndani yake nimegawa seva mbili: moja ya kadi za getini, nyingine ya kamera za chumba cha dhahabu. Zinatumia diski ileile. Mwezi uliotangulia Theonest aliongeza kamera nane, akataka picha zikae siku tisini. Nafasi haikuwepo. Badala ya kumwambia haipo, nilikaa hapahapa Geita nikapanga kila seva ijione ina diski nzima. Ni kama kuziahidi nyumba mbili gunia moja la mahindi: mradi hazijalimaliza, hakuna anayejua. Nikajiambia nitaomba diski nyingine baadaye. Ujumbe wa kuonya kwamba diski inajaa ulinijia kila saa, ukaniudhi, nikauzima.

Jumatatu saa sita na dakika tano diski ilijaa. Picha za dhahabu zilikuwa zimemeza kila kitu. Geti liliendelea kufunguka kwa kadi, lakini seva haikuandika tena hata jina moja.

Mungu wangu!

Kifaa cha getini kina kumbukumbu yake ndogo. Kinashikilia majina mpaka seva iweze kuyapokea. Kilichotakiwa ni nafasi tu. Nikamwambia Theonest nafuta picha za wiki mbili.

"Thubutu! Wakaguzi wakija nitawaambia nini? Zihamishe kwanza."

"Kwa mtandao wa kule ni siku tatu, bosi."

"Basi subiri kibali kutoka Dar."

"Kuna mtu chini ya mawe, wewe unaniambia kibali? Andika barua ya kunifukuza huku mimi nafuta, tumalize pamoja!"

Nikafuta. Limi alikuwa amesimama nyuma yangu. Dakika tano hazikuleta kitu. Kisha majina yakaingia. Maduhu, saa sita na robo, kuingia, njia ya pili. Nyuma yake Kalisti. Nyuma yake Mageni. Hao wawili hakuna aliyekuwa amekuja kuwaulizia. Na tangu Jumatatu waokoaji walikuwa wakichimba njia ya kwanza ya shimoni peke yake, walimokuwa wale kumi na mmoja.

Theonest alikaa chini, akapiga simu mwenyewe. "Msifunge. Hamieni njia ya pili."

Limi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, dada. Wabeja sana."

"Usinishukuru," nikamwambia. Nikamweleza yote, diski, gunia, na lile onyo nililolizima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauachia mkono wangu, akarudi kwenye benchi.

Wale watatu walifikiwa Alhamisi mchana. Kalisti peke yake alikuwa hai.

Jumamosi tulimzika Maduhu kwao. Nilikwenda, ingawa niliogopa. Baada ya mazishi Kalisti aliletwa akiwa na bandeji kichwani, akaketi mkekani mbele ya Limi. Alisema Mageni alikufa palepale. Maduhu alibanwa miguu, lakini alikuwa na nyundo yake, akawa anagonga jabali ili walio juu wasikie. Aligonga Jumatatu yote na Jumanne yote, akipumzika kidogo kidogo.

"Aliacha lini?" Limi akauliza.

"Jumatano asubuhi, shemeji. Nilikuwa na saa mkononi. Ilikuwa saa tatu."

Limi hakulia. Aligeuka akanitafuta kati ya wanawake mpaka akaniona.

"Saa tatu," akaniambia, "nilikuwa kwenye benchi lenu."